Funika Kombe, Mwanaharamu Hakupita

Katika kikao cha kuchagua maandishi ya toleo lililopita la jarida hili tuliiondoa hadithi moja. Haikuwa mbaya, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema ni mbaya. Ilihusu kiwanja cha shule ambacho watoto walikikuta asubuhi kimezungushiwa mabati, na bwana mkubwa mmoja, asiyetajwa jina, anayejua mabati yale ni ya nani. Hatukuwa tumepigiwa simu. Hatukuandikiwa barua. Hakuna askari aliyegonga mlango. Ila mwenzetu mmoja, ambaye namheshimu na ambaye kwa kusoma vitabu anatuacha mbali sote, alivua miwani akasema: "Jamani eeh, funika kombe mwanaharamu apite." Tukacheka. Ikapigwa kura. Nami nilinyoosha mkono pamoja na wengine.

Nje, kwenye chai, nikaanza kunung'unika. Akanikata kauli kwa mfano ambao aliona umefunga mjadala. "Mdogo wangu," akaniambia, "hata Berlin wakati wa Hitler waandishi walinyamaza. Ulitaka wafanye nini? Ukifungua mdomo tu, kichwa hakipo."

Nimelala na jibu hilo wiki nyingi. Nimesoma nilichoweza kukipata. Sasa namjibu hapahapa, kwenye kurasa hizihizi tulizozifunika, kwamba kaka, si kweli. Na uongo wenyewe si uongo mdogo, maana ndio tunaoutumia kama mto wa kulalia.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja nisije nikasingiziwa. Sisemi kwamba sisi tuko Berlin ya mwaka 1933. Kusema hivyo ni kuwakosea adabu waliokufa kule. Lakini aliyeileta Berlin kwenye meza ya chai si mimi. Basi twende nayo.

Cha kwanza kujua ni kwamba Berlin haikuwa mji wa Manazi. Katika uchaguzi wa Novemba 1932 chama kilichoongoza Berlin ni cha wakomunisti. Hata uchaguzi wa tarehe 5 Machi 1933, Hitler akiwa tayari ndiye Kansela na vijana wake wa mashati ya kahawia wamejaa barabarani, chama chake kilipata Berlin kiasi cha theluthi moja tu ya kura. Na alipoapishwa tarehe 30 Januari, katika baraza lile la mawaziri Manazi walikuwa watatu tu, yeye mwenyewe, Frick na Göring. Wengine wote walikuwa mabwana wa zamani wenye suti zao nzuri, na mabwana hao walijigamba kwamba wamemkodi, watamwendesha watakavyo. Watu wenye akili zao Berlin, maprofesa, mawakili, wahariri, walipiga hesabu wakasema: miezi michache tu, atajimaliza mwenyewe. Tusubiri. Yaani funika kombe, mwanaharamu apite.

Mwanaharamu akakaa miaka 12.

Sasa hofu. Tunaizungumzia hofu kama mvua, kitu kinachoshuka tu kutoka juu na mtu hana la kufanya ila kutafuta kibaraza. La hasha. Hofu ya Berlin ilijengwa, tofali juu ya tofali, na tarehe zake zinajulikana. Tarehe 22 Februari 1933 Göring aliwapa vijana wa mashati ya kahawia vitambulisho vya polisi wasaidizi, na hivyo yule aliyekupiga jana mtaani kama mhuni akaja leo kukukamata kama serikali. Tarehe 27 usiku jengo la bunge, Reichstag, likaungua. Kesho yake ikatoka amri iliyofuta uhuru wa kusema, wa kukutana, wa magazeti, hata usiri wa barua na simu. Usiku uleule wa moto walikwisha anza kukusanya watu kwa orodha. Mhariri Carl von Ossietzky alichukuliwa. Mshairi Erich Mühsam alichukuliwa. Ossietzky alipewa baadaye Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1935, akafa mwaka 1938 hospitalini chini ya ulinzi, mwili umekwisha. Mühsam aliuawa Julai 1934 katika kambi ya Oranienburg, na wauaji wakasema amejinyonga.

Kambi hiyo ya Oranienburg, tafadhali, haikuwa porini. Ilikuwa ndani ya kiwanda cha zamani cha bia, katikati ya mji, kaskazini ya Berlin. Watu waliokwenda sokoni waliiona. Na mwezi Juni, katika kitongoji cha Köpenick, vijana wa mashati ya kahawia walikamata mamia ya majirani zao kwa siku chache tu, wakawatesa, wakaua zaidi ya 20. Majirani, nasema. Watu waliokuwa wakisalimiana asubuhi.

Polisi wa siri, Gestapo, hawakuwa wengi kama tunavyofikiri tukitazama sinema. Mji wa watu zaidi ya milioni 4 hauwezi kulindwa kila mlango. Kazi kubwa ilifanywa na wananchi wenyewe, mpangaji wa ghorofa ya pili, mfanyakazi mwenza anayeitaka nafasi yako, mume aliyegombana na mkewe. Tangu Machi 1933 kulikuwa na amri ya kuwaadhibu wanaoisema serikali vibaya, na amri hiyo ilihitaji masikio tu. Ndipo Waberlin wakazoea kugeuka nyuma kabla ya kusema neno, na wakaitania tabia hiyo kwa kuiita "mtazamo wa Kijerumani", wakiigiza ile "salamu ya Kijerumani" ya kunyoosha mkono. Nilipolisoma hilo nilikumbuka jinsi mwenzetu alivyotazama mlango kabla ya kuvua miwani. Pengine nilimwonea. Pengine alikuwa anatazama chai.

Lakini mimi nataka kuzungumza juu ya waandishi, kwa sababu ndio aliowataja.

Berlin ilikuwa na Akademia ya Sanaa ya Prussia, na ndani yake idara ya fasihi, wamekaa humo vigogo wa kalamu. Mwenyekiti wa idara hiyo alikuwa Heinrich Mann. Mwanzoni mwa mwaka 1933 yeye na mchoraji Käthe Kollwitz walitia saini zao kwenye tangazo lililowasihi wasoshalisti na wakomunisti waungane kumzuia Hitler. Kamishna mpya wa elimu akatishia kuifunga Akademia nzima. Tarehe 15 Februari wakaitwa kwenye kikao. Kollwitz alikuwa amekwisha kubali kutoka, Mann naye akatoka. Wakubwa wale wote, walioandika vitabu vinene juu ya utu, wakabaki vitini. Aliyesimama kupinga na kujiuzulu papo hapo ni Martin Wagner, msanifu majengo wa jiji. Mtu wa matofali, bwana, si wa mashairi!

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa maana hapa ndipo kisa chetu kilipo. Tarehe 13 Machi idara ile ilitunga waraka wa kupelekwa kwa kila mwanachama. Uliuliza: je, ukizingatia hali mpya ya historia, uko tayari kuendelea kuitumikia Akademia, huku ukijizuia kufanya siasa hadharani dhidi ya serikali? Jibu liwe ndiyo au hapana, bila maelezo. Na aliyeutunga hakuwa Goebbels, wala karani wa wizara. Alikuwa Gottfried Benn, mshairi, daktari, mmoja wa wenye vipaji vikubwa kabisa vya kizazi chake. Mwandishi aliwashonea waandishi wenzake mdomo, na uzi akatoa mwenyewe.

Wengi walijibu ndiyo. Wengine kwa imani, wengine kwa uchovu, wengine kwa sababu ya mke na watoto, na hao wa mwisho siwacheki. Lakini kulikuwa na hapana. Alfred Döblin, Myahudi, ambaye alikwisha kimbia siku moja baada ya moto wa bunge, alijiuzulu. Thomas Mann naye vilevile. Na kulikuwa na bibi mmoja wa miaka 68, Ricarda Huch, mwandishi wa riwaya na historia, ambaye hakuwa mkomunisti, hakuwa Myahudi, alikuwa mhafidhina aliyeipenda Ujerumani yake ya kale. Huyo walimtaka sana abaki. Rais wa Akademia akambembeleza kwa barua. Naye tarehe 9 Aprili 1933 akamjibu kwa ufupi kwamba Ujerumani wanayoihubiri wao siyo yake, kwamba mabavu na kuwapaka matope wenye mawazo tofauti ni maangamizi, na juu ya Döblin, wakati ambao Myahudi ndiye wa kutemewa mate, akamsifu kwa kutafuta kwake haki. Akatoka.

Kichwa chake kilikatwa? Hapana, kaka. Alipoteza kiti. Alibaki Ujerumani miaka yote ile, akaandika, akasumbuliwa, akafa mwaka 1947 akiwa mzee. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya "hapana" kwa mtu kama yeye katika Aprili 1933.

Nimesema kwa mtu kama yeye. Kwa Mühsam haikuwapo siku hata moja ya bei nafuu. Kwa mkomunisti wa mtaa wa Wedding, kwa wakili Myahudi, mateso yalianza na siku ya kwanza. Ndiyo maana nawakasirikia waliokuwa na viti kuliko wengine wote. Bei yao ilikuwa ndogo, wakashindwa kuilipa, na deni likapelekwa kwa wasiokuwa na kitu.

Wala usiniambie hawakujua. Klaus Mann, mpwa wa Heinrich, kijana wa miaka 26, alikuwa akimwabudu Benn kama tunavyowaabudu sisi washairi wetu. Akiwa amekimbilia Ufaransa alimwandikia barua, tarehe 9 Mei 1933, ya mwanafunzi kwa mwalimu, akimuuliza anafanya nini upande ule na watu wale. Benn akamjibu kwa redio! Akawaambia waliokimbia kwamba wao hawaelewi historia. Miaka 17 baadaye Benn huyohuyo, ambaye Manazi walikuwa wamekwisha mpiga marufuku kuandika mwaka 1938, alikiri katika kitabu chake kwamba yule kijana aliona mbali kuliko yeye. Klaus Mann hakuwapo kuyasoma maungamo hayo. Alijiua mwaka 1949.

Na sisi vijana tusijifurahishe kwa kisa hicho, tukadhani kuwa kijana na kuwa mwandishi kunatosha. Siku moja baada ya barua ile, tarehe 10 Mei, ndipo vitabu vilipochomwa katika uwanja wa Opera, mkabala na Chuo Kikuu. Zaidi ya vitabu 20,000. Waliovichoma ni nani? Wanafunzi. Vijana wa rika letu, wasomaji, wenye kadi za maktaba. Kampeni ilikuwa ya umoja wa wanafunzi. Siku nne kabla yake walikwisha vamia taasisi ya daktari Magnus Hirschfeld na kubeba maktaba yake. Mvua ilinyesha usiku ule, moto ukakataa, ikabidi watie petroli. Mwandishi Erich Kästner alikwenda kusimama ndani ya umati kutazama vitabu vyake mwenyewe vikiungua, mpaka mwanamke mmoja akamtambua na kupaza sauti, ndipo akaondoka. Siku hizi chini ya uwanja ule kuna chumba cheupe kinachoonekana kupitia kioo, kina rafu tupu za kutosha vitabu 20,000. Ni kazi ya Micha Ullman ya mwaka 1995.

Turudi kwenye bei, kwa sababu ilipanda, na ilipanda kwa ratiba.

Tarehe 23 Machi 1933 wabunge walikutana katika jumba la opera la Kroll, kwa kuwa bunge lilikuwa limeungua, kuipigia kura sheria ya kumpa Hitler mamlaka yote. Wakomunisti hawakuruhusiwa kuingia. Vijana wa mashati ya kahawia walijipanga ndani ya ukumbi. Otto Wels wa chama cha wasoshalisti akasimama mbele ya macho hayo akasema chama chake kinakataa. Kura za kukubali 444, za kukataa 94. Wels akakimbilia uhamishoni, akafa Paris mwaka 1939. Ukiitazama hesabu ile utaona kitu: waliosema hapana ni wale waliokuwa wakitishwa zaidi. Waliosema ndiyo, vyama vile vya katikati, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusema hapana.

Mwaka 1935 mchekeshaji Werner Finck alikuwa bado anafanya mzaha katika ukumbi mdogo uliojulikana kama Katakombe. Kulikuwa na igizo la fundi cherehani: mteja anainua mkono apimwe shati, na mkono unabaki juu, na kwa Kijerumani maneno ya "mkono wa kulia ulioinuliwa" yanakaribiana na "haki zilizofutwa". Watu waliangua kicheko, na wapelelezi waliokaa miongoni mwao wakaandika. Mwezi Mei ukumbi ukafungwa, Finck akapelekwa gereza la Columbia-Haus kisha kambi ya Esterwegen, wiki kadhaa. Bei ya mzaha mwaka 1935 ikawa hiyo. Mwaka 1943 mwigizaji Robert Dorsay aliuawa Plötzensee, Berlin ileile, kwa mizaha.

Labda kaka utasema hao wote ni Wazungu na ugomvi wao. Basi nikupe mtu wa kwetu. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mji ukiwa chini ya Wajerumani. Akiwa mtoto alikwenda vitani upande wao pamoja na baba yake, askari. Mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakupewa. Akabaki, kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alifanya kazi ya uhudumu, aliigiza vipande vidogo katika filamu, na alifundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Ndiyo, Kiswahili hiki tunachogombania hapa.

Huyu hakupinga. Huyu alisema ndiyo, tena mara nyingi. Aliomba nishani ya wapiganaji wa vita vya kwanza, akanyimwa. Alivaa sare ya askari katika hafla za wale waliotamani kurudishiwa makoloni. Vita ilipoanza mwaka 1939 aliomba kujiunga na jeshi, akakataliwa. Simlaumu, maana mtu mweusi mwenye familia katika mji ule alishika kamba yoyote aliyoiona. Lakini mwaka 1941 walimkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, wakamtia katika kambi ya Sachsenhausen bila kumfikisha mahakamani, na humo akafa tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 waliweka kijiwe cha shaba chenye jina lake mbele ya nyumba namba 193, mtaa wa Brunnenstraße. Kombe lake lilifunikwa vizuri kabisa. Wenye serikali hawakutoa risiti kwa ndiyo zake zote zile.

Na kama bado unataka kujua waandishi walifanya nini Berlin, waache wa Akademia. Nenda Wedding, mtaa wa makabwela. Otto Hampel alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, mkewe Elise aliwahi kuwa mtumishi wa nyumbani. Hawakuwa wapinzani tangu mwanzo, kwani Elise alikuwa hata katika umoja wa wanawake wa Manazi. Mwaka 1940 kaka yake Elise aliuawa vitani Ufaransa. Ndipo wakakaa mezani wakaanza kuandika kadi kwa mkono, kwa herufi kubwa, wakiwaambia watu wasimwamini Hitler, wakiziacha kwenye ngazi za majumba. Zaidi ya kadi 200, kwa miaka miwili. Makosa ya tahajia yamejaa. Kamati yetu ya uhariri isingezipitisha. Na karibu wote waliookota kadi zile walikimbia kuzipeleka polisi, mikono ikitetemeka, kwa kuwa kufikia hapo hata kushika karatasi ilikuwa hatari. Walikamatwa mwaka 1942. Tarehe 8 Aprili 1943 walikatwa vichwa Plötzensee, mume na mke, siku moja.

Hapo, kaka, ndipo ulipo ukweli wa maneno yako. Ukifungua mdomo, kichwa hakipo. Ni kweli ya mwaka 1943. Wewe umeichukua ukairudisha nyuma mpaka Machi 1933, ukawavika kama koti wale waliokuwa bado na viti, redio na barua za kubembelezwa. Halafu ukaibeba mpaka kwenye kikao chetu, ambako bei ilikuwa, tuseme kweli, labda kunyimwa tangazo la biashara kwenye jalada la nyuma.

Uliniuliza siku ile, mwisho kabisa, kama mimi ningekuwa Berlin ningefanya nini. Nilinyamaza kwa kuwa jibu nililijua. Ningesaini. Mtu aliyenyoosha mkono bila kuulizwa na serikali asidanganye watu kwamba angeukunja mbele ya Göring.

Mwandishi wa hadithi ile ya mabati ana miaka 19. Hajauliza kwa nini haikutoka, nadhani ameamua kwamba haikuwa nzuri. Juzi nimemwandikia kumweleza kura ilivyokwenda, na mkono wangu ulikuwa wapi. Nakala yake ninayo kwenye mkoba. Kikao kijacho ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, na nimeiandikisha iwe ya kwanza kusomwa.